Steringi Hafi: Maswali Yenu Kuhusu Mbinu Zilizochuja

Tuliwaomba wasomaji watutajie mbinu za hadithi walizokuwa wakizifurahia zamani, na ambazo leo wakikutana nazo wanafunga kitabu au kuzima runinga. Barua ni nyingi, na kadhaa zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti, kwa hiyo tumeziunganisha. Majibu ni ya dawati la hadithi.

Ndugu wahariri, nilikuwa mgonjwa wa hadithi za mapenzi ambamo wapendanao wanaachana kwa kuwa mmoja kamwona mwenzake kakumbatiwa na mtu, kumbe ni dada yake. Zamani nililia. Siku hizi nazomea. Nimebadilika mimi au zimebadilika hadithi?

Umebadilika wewe, na una haki. Mara ya kwanza msomaji hujiuliza, "Watapatana vipi hawa?" Mara ya kumi anajiuliza, "Si amuulize tu?" Swali hili la pili likishaingia kichwani, lile la kwanza halirudi tena. Mhakiki wa filamu Roger Ebert ndiye aliyelizoesha jina la ugonjwa huu: msuko wa majuha, yaani hadithi inayosimama kwa sababu tu kila mhusika ni juha.

Kipimo chetu ni hiki. Andika sentensi fupi kabisa ambayo ingeumaliza ugomvi. Hapa ni "Yule ni dada yangu," maneno manne. Sasa eleza ni nini kinachomzuia mhusika kuitamka. Kama jibu lako ni "alikuwa na hasira", una ugomvi wa kurasa tano, na wewe umeunyoosha hadi mia na hamsini. Hasira ya mtu mzima haizuii sentensi ya maneno manne kwa miezi sita.

Kizuizi chenye nguvu huwa na gharama. Labda kuitamka ile sentensi kunafichua siri ya mtu mwingine. Labda msemaji amekwisha kudanganya mara moja, mbele ya macho yetu, kwa hiyo safari hii akisema kweli haaminiwi. Ila dawa tunayoipenda zaidi ni kuiacha sentensi isemwe, iaminiwe, na bado isitoshe. Linganisha. Toleo la kwanza:

"Nimekuona naye!" alifoka, akageuka, akaondoka bila kungoja jibu.

Toleo la pili:

"Nimekuona naye."
"Yule ni dada yangu."
"Najua. Nimemuuliza mwenyewe. Ninachotaka kujua ni kwa nini mwaka mzima hujawahi kuniambia kwamba una dada."

Katika toleo la pili kutoelewana kumekufa kwenye mstari wa tatu, na hapohapo hadithi imeanza. Hakuna juha kati yao. Msomaji naye hana pa kuchomekea "si amuulize tu", maana ameshauliza.

Kwa nini "kumbe ilikuwa ndoto" inaudhi kiasi hiki? Ni hadithi ya kubuni tangu mwanzo, sasa ndoto inatupunguzia nini?

Inapunguza madeni. Mhusika akifilisika, akiua, akisamehe, msomaji anahifadhi kumbukumbu ya nani anadaiwa nini. Ndoto inafuta daftari lote, halafu inamtaka msomaji aanze kuandika upya kwa imani ileile.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa tamthilia ya Marekani, *Dallas*. Mhusika Bobby Ewing aliuawa mwishoni mwa msimu mmoja, mwaka 1985, kwa sababu mwigizaji wake alitaka kuondoka. Mwigizaji akakubali kurudi, na Mei 1986 watazamaji wakamwona Bobby yuko bafuni, anaoga, mzima. Maelezo yakaja baadaye: msimu mzima, sehemu 31, ulikuwa ndoto ya Pam, aliyewahi kuwa mkewe. Na kuna kituko juu ya kituko: *Knots Landing*, tamthilia iliyozaliwa kutoka ileile, ilikuwa imeshamwombolezea Bobby, na haikurudi nyuma. Kwa jirani alikuwa marehemu, kwake alikuwa anajipaka sabuni.

Ukitaka ndoto lazima, mwambie msomaji mapema kwamba ni ndoto, kisha uache kitu kimoja kivuke mpaka: uamuzi ambao mhusika anaamka nao na kuutekeleza. Ikiwa asubuhi hakuna kilichobadilika, hiyo sura haihitajiki.

Sisi tuliokulia kwenye picha za mapigano tulijua steringi hafi, na ndiyo ilikuwa raha yenyewe. Kwa nini sasa inatuchosha?

Kwa sababu zamani steringi hakufa kabisa, ilhali siku hizi anakufa halafu anarudi. Hayo ni mambo mawili tofauti. Steringi asiyekufa ni mkataba: mtazamaji anajua atapona, na anachongojea ni kuona *atapona vipi*. Steringi anayezikwa, akaliliwa na watu, kisha akatokea mlangoni, amechukua machozi ya mtazamaji kwa njia ya ulaghai.

Si jambo la jana. Arthur Conan Doyle alimuua mpelelezi wake Sherlock Holmes kwenye maporomoko ya maji mwaka 1893 na kumrejesha hai mwaka 1903, akieleza kwamba hakuwahi kutumbukia kwenye maporomoko. Superman aliuawa katika toleo la 75 la katuni yake, mwaka 1992, na hata mwaka haukupita sawasawa akawa amerudi. Holmes alisamehewa kwa urahisi, na tunadhani sababu ni kwamba hatukuwahi kuuona mwili wake. Mlango uliachwa wazi, hata kama mwandishi mwenyewe alidhani ameufunga.

Kwa anayeandika: ukimrudisha mfu mmoja, vifo vyote vilivyobaki kwenye kitabu vinashuka thamani, vya nyuma na vya mbele. Kwa hiyo weka masharti kabla ya kifo cha kwanza, si baada yake. Nani anaweza kurudishwa, mara ngapi, na kwa gharama ya nani? Halafu mlete mtu tunayempenda ambaye masharti hayo yanamnyima. Bila huyo, masharti ni mapambo.

Mimi ni muuguzi. Nilipenda sana hadithi za kusisimua mpaka nilipoanza kazi. Sasa mtu akipigwa kitako cha bastola akazimia kwa saa mbili na kuamka akikuna kichwa, nashindwa kuendelea. Je, tatizo ni langu?

Si lako peke yako. Kuna mbinu ambazo hazikuchoka kwa kurudiwa. Zilizeeka siku wasomaji wengi walipojua kitu ambacho mwandishi hakukijua. Tuzipitie, maana wanaotuletea miswada wanazirudia kila wiki.

*Kuzimishwa kwa pigo.* Aliyepoteza fahamu kwa pigo la kichwa huzinduka ndani ya sekunde au dakika chache. Akilala saa mbili, huyo ana jeraha kubwa la ubongo, na akiamka atatapika, atachanganyikiwa, hatapigana na walinzi watatu.

*Kitambaa chenye klorofomu.* Kinahitaji dakika kadhaa za kuvutwa mfululizo, wala si sekunde tatu.

*Kusahau kila kitu.* Kinachopotea kwa kawaida ni muda unaozunguka ajali yenyewe, pamoja na uwezo wa kushika mambo mapya kwa kipindi. Kusahau jina lako na mwenza wako huku ukikumbuka kuendesha gari na kuongea lugha tatu ni nadra mno. Pigo la pili halirudishi kumbukumbu. Linaongeza jeraha.

*Mstari mnyoofu kwenye skrini na mashine ya kushtua moyo.* Mshtuko wa umeme hutolewa moyo unapotetemeka ovyo bila kusukuma damu. Moyo uliosimama kabisa haushtuliwi. Hapo kazi ni kukandamiza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na dawa. Na kazi hiyo inachosha mikono, jambo ambalo lingekuwa tukio zuri zaidi kuliko daktari kupaza sauti "Kaeni mbali!"

*Risasi ya begani.* Inachukuliwa kama mkwaruzo, ilhali begani ndipo unapopita mshipa mkubwa wa damu unaolisha mkono na fungu zima la neva.

*Kiwambo cha sauti.* Kinapunguza mlio kwa desibeli 20 hadi 35 hivi. Bunduki inabaki kuwa na kelele ya kuwaamsha majirani.

*"Mzungumzishe, bado sekunde thelathini tumnase."* Hii, ya polisi kutafuta simu inakotoka, iliwahi kuwa na msingi. Kwenye mitambo ya simu ya zamani, fundi alilazimika kufuata muunganisho swichi hadi swichi, na mpigaji akikata kabla hajafika mwisho, amepotea. Mitambo ya kidijitali inaandika namba simu inapoanza kuita. Ikiwa hadithi yako ni ya mwaka 1960, itumie kwa raha zako. Ikiwa ni ya leo, iache.

Sasa, marekebisho. Mwandishi akimzimisha mateka, mara nyingi anachotaka ni kumhamisha kutoka chumba kimoja hadi kingine bila kueleza njia. Basi asimzimishe. Amvike gunia kichwani na kumlaza kwenye buti la gari akiwa na akili zake timamu. Anahesabu kona. Anasikia lami inakwisha na kokoto zinaanza. Anasikia geti linasukumwa na watu wawili, kwa hiyo ni zito. Kurasa mbili hizo zina taharuki kuliko giza la saa mbili, na baadaye kona alizozihesabu zitamsaidia kurudi.

Mhusika akikohoa tu, najua atakufa. Kisu kikionyeshwa jikoni, najua kitachoma mtu. Mwandishi afanyeje ikiwa wasomaji tumeshakuwa wajanja?

Mwaka 1889 Anton Chekhov alimwandikia mwandishi mwenzake kwamba bunduki iliyojazwa risasi isiwekwe jukwaani ikiwa hakuna atakayeifyatua. Ushauri ni mzuri, ila umefuatwa mpaka kila mtazamaji ameukariri. Leo kitu kikionyeshwa peke yake, kwa karibu, ni sawa na kukifunga utepe mwekundu.

Ujanja ni kukipa kitu kazi nyingine palepale kinapotokea, na kukipita jicho likiwa limevutwa kwingine. Soma hii:

Alimwaga mkoba mezani: kitana, barua ya benki, dawa za usingizi za mama yake, kalamu isiyo na kifuniko. "Kalamu yangu hiyo!" dada yake alidakia. "Wiki nzima natafuta, kumbe umeibeba wewe!"

Dawa ndizo zitakazoua mtu sura ya kumi na nne. Zimekaa nafasi ya tatu kati ya vitu vinne. Cha mwisho ndicho msomaji anachobaki nacho, na hapa kinafuatiwa na ugomvi, kwa hiyo ugomvi wa kalamu umefagia kila kilichotangulia. Kosa la pili, linalotokea kwa waoga, ni kuficha mno: dawa zikitajwa mara moja sura ya kwanza na zisisikike tena hadi ya kumi na nne, msomaji atasema ameibiwa. Zitaje mara moja tena katikati, kwa shughuli tofauti, mathalani mama analalamika zimebaki chache. Mara tatu ni nyingi.

Kuhusu kikohozi: mwonyeshe mgonjwa kwa kile anachoacha kufanya. Mtu aliyezoea kuruka ngazi mbilimbili anasimama katikati, anajifanya anafunga kamba ya kiatu. Leso yenye tone la damu tunaomba izikwe.

Kwa nini mke au mchumba wa steringi lazima afe mwanzoni? Nilikuwa naona ni uchungu unaompa steringi sababu. Sasa naona uvivu.

Mwaka 1999 Gail Simone, ambaye baadaye aliandika katuni yeye mwenyewe, alikusanya orodha ya wahusika wa kike wa katuni za mashujaa waliouawa, kulemazwa au kunyang'anywa uwezo wao. Jina la orodha lilitokana na toleo la 54 la *Green Lantern*, la mwaka 1994, ambamo shujaa anaikuta maiti ya mpenzi wake ndani ya jokofu. Tangu hapo kumfanyia mhusika hivyo kunaitwa "kumweka kwenye friji".

Hatusemi mpenzi asife. Kabla hujamuua, jibu maswali matatu kwa maandishi. Alitaka nini maishani ambacho hakimhusu steringi? Aliamua nini kilichobadilisha mkondo wa hadithi? Na je, ukimwondoa yeye ukaweka pikipiki iliyoibiwa, hadithi itaendelea vilevile? La tatu linachekesha hadi pale unapogundua kwamba jibu ni ndiyo.

Kijana anakataliwa mara saba, anamfuata binti kazini, anasimama chini ya dirisha lake usiku, mwisho anakubaliwa. Tulikuwa tunashangilia. Leo binti yangu anaiita hadithi ya kutisha. Je, wasomaji wa siku hizi si wana hasira za karibu tu?

Hapana, mzee wetu. Wamehama kiti. Zamani hadithi ilimketisha msomaji begani kwa kijana, na hapo juu kila "hapana" ni kikwazo cha kuruka. Binti yako amekwenda kukaa ndani ya chumba chenye lile dirisha.

Jaribu hivi na hadithi yoyote ya namna hiyo: iandike upya kwa nafsi ya kwanza ya anayefuatwa, bila kubadilisha tendo hata moja. "Niliposhuka ngazini alikuwa amesimama palepale aliposimama jana." Ikigeuka kuwa hadithi ya kutisha, basi ilikuwa ya kutisha siku zote. Kurekebisha ni kazi ya muundo, haitoshi kulainisha maneno: baada ya "hapana" anayependa aondoke kweli, aendelee na maisha yake ukurasani, na hatua inayofuata itoke kwa mwenzake, kwa sababu ya jambo jipya alilolijua. Ukishindwa kulipata hilo jambo jipya, hukuwa na hadithi ya mapenzi.

Mteule aliyetabiriwa: bado anafaa?

Anafaa kidogo sana. Unabii unamnyang'anya mhusika kitu pekee tunachomfuatia, yaani kuchagua. Utimize unabii katikati ya kitabu ili nusu ya pili asiwe na ramani, au wape watu wawili sifa zilezile. Na alama ya kuzaliwa begani, jamani, imetosha.

Pacha wa siri aliyefanya mauaji?

Mwandishi Ronald Knox aliweka amri zake kumi za hadithi za upelelezi mwaka 1929, na ya kumi inakataza mapacha wasitokee kama msomaji hakuandaliwa ipasavyo. Karibu miaka 100 baadaye hatuna la kuongeza.

Adui anayemfunga steringi na kumhutubia mpango wake wote?

Ampige risasi. Mpango ujulikane kwa njia nyingine: risiti, ratiba, mtumishi aliyechoka.

Nimemaliza riwaya ya kurasa 280. Baada ya kusoma matoleo yenu nimeona ina mbinu tano kati ya mnazozilaumu. Nifute?

Usifute kwanza. Chukua karatasi, andika kila mbinu na ukurasa wake, kisha mbele yake andika ilikutatulia shida gani *wewe*. Ukiwa mkweli utaona majibu kama "sikujua nimtoeje jela" au "sura ilikuwa haina mwisho". Hizo ndizo za kushughulikia. Lakini ukikuta umeandika "inamlazimisha kuchagua kati ya kaka yake na kazi", iache ilivyo, hata kama imetumika mara elfu.

Sadfa ziangalie kwa jicho kali. Inayomwingiza mhusika matatani msomaji anaipokea, hasa ikija robo ya kwanza. Inayomtoa haipokei. Lalamiko hili lina umri: mwanafalsafa Mgiriki Aristotle, karne ya 4 KK, aliilaumu tamthilia ya *Medea* kwa mwisho unaotegemea winchi ya jukwaani, ile iliyotumika kuwaleta miungu kutoka juu. Alitaka fundo lifunguliwe na matukio yenyewe.

Mtego mmoja: usidhani kugeuza mbinu kichwa chini ni kuiponya. Mteule ambaye kumbe ndiye adui, binti wa mfalme anayemwokoa askari, navyo vimeshachuja. Msomaji anaona kinyume kama anavyoona kawaida.

Rekebisha kuanzia nyuma kuja mbele. Ukibadilisha namna mhusika anavyotoka jela ukurasa wa 260, utalazimika kupanda mbegu yake ukurasa wa 40, na ukianza na ukurasa wa 40 utapanda mbegu za mti usioujua. Mbinu tano, ukifanya moja kwa wiki, ni wiki tano. Usiguse mbili kwa pamoja, maana zikigongana hutajua ipi iliyoharibu.

Je, ipo iliyochuja ambayo nyinyi bado mnaipenda?

Ipo. Mahasimu wawili wanaolazimika kusafiri pamoja. Leteni hizo, tutasoma zote. Ila hoteli iwe na vyumba viwili.